Mshtakiwa Naye Ni Mwanaparokia



Katika parokia zetu za Mwanza, za pwani ya Ziwa na za visiwani, mwanajumuiya akifiwa, Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana jioni ile ile. Daftari hufunguliwa, mchango hupangwa, turubai hukodiwa, na asiyefika msibani huulizwa sababu. Kijana akitaka kuoa, kamati ya harusi huundwa miezi mingi kabla, kadi za michango husambazwa, na hata aliye hohehahe hujibana ili atoe chake. Lakini kijana yule yule akikamatwa kwa tuhuma ya mauaji, au ya wizi wa kutumia silaha, daftari hufungwa. Hakuna kamati, hakuna kadi. Mama yake huanza kukaa benchi la nyuma kanisani, na baada ya miezi michache haonekani kabisa. Wenzake husema kwa sauti ya chini kwamba sheria ichukue mkondo wake.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatuukatai mkondo wa sheria. Tunasema kwamba mkondo huo una kina na una maporomoko. Kumtosa ndani yake mtu asiyejua kuogelea, kisha kusimama ukingoni na kutangaza kwamba haki inatendeka, ni katika dhambi zile za kutotimiza wajibu ambazo tunajipigia kifua kila Dominika bila kuzifikiria.

Tazameni hati ya mashtaka jinsi inavyoanza: Jamhuri dhidi ya fulani. Jamhuri hiyo ina jeshi la polisi, ina wapelelezi, ina maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ina Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyoundwa mwaka 2018 chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mawakili wanaolipwa mshahara kila mwezi. Hatulalamikii jambo hilo. Taifa lisiloweza kuwashtaki wauaji si taifa. Lakini upande wa pili wa chumba kile nani amesimama? Aghalabu ni mvuvi, mkulima wa pamba au mchungaji wa ng'ombe aliyeishia darasa la saba, aliyekaa mahabusu Butimba kwa miaka kadhaa, na ambaye hajawahi kuisoma hata sheria moja. Mtume Paulo alipopelekwa mbele ya liwali Felisi kule Kaisaria, kuhani mkuu alishuka na msemaji wa kukodiwa aitwaye Tertulo ili amshtaki. Paulo alijitetea mwenyewe, akajitetea vizuri, kwa kuwa alikuwa msomi aliyelelewa miguuni pa Gamalieli na raia wa Roma aliyejua hata namna ya kukata rufani kwa Kaisari. Je, kijana wetu wa Ukara au wa Kome amelelewa miguuni pa nani?

Wakili ni wa wenye hatia?

Hoja tunayoisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wazee wa kanisa, ni kwamba mtu mwema hana haja ya wakili, kwa sababu Mungu atamtetea. Anayekimbilia wakili anajua alichokifanya. Hoja hii huvaa vazi la imani, lakini Maandiko Matakatifu yanaikanusha. Someni sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli. Susana, mwanamke asiye na kosa, alihukumiwa kifo kwa ushahidi wa wazee wawili walioheshimiwa na watu wote. Alisali, na Mungu akamsikia. Lakini alimsikia kwa njia gani? Hakuteremsha moto. Alimwinua kijana Danieli, naye Danieli akafanya kazi ya wakili wa utetezi: alidai shauri lirudiwe, akawatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake kwamba tendo hilo lilifanyika chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Swali moja la dodoso liliokoa roho ya mtu. Na umati wote ule, uliokuwa tayari kumwua Susana, ulikuwa umewaamini mashahidi kwa sababu ya mvi zao tu.

Kanisa letu halikuisahau Babeli ile. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1481, unaagiza kwamba katika kesi ya jinai mshtakiwa sharti awe na wakili daima, ama aliyemteua mwenyewe, ama aliyewekewa na hakimu. Kanuni hiyo haiulizi kwanza kama mtu ana hatia. Basi padre akishtakiwa mbele ya mahakama ya Kanisa hahukumiwi bila mtetezi. Tuna haki gani ya kumtakia mlei, anayekabiliwa na kitanzi au miaka 30 gerezani, kitu pungufu ya hicho? Na tusisahau kwamba Mtakatifu Ivo wa Bretanya, aliyefariki mwaka 1303, alikuwa padre na mwanasheria aliyewatetea maskini mahakamani. Sikukuu yake ni tarehe 19 Mei. Ingefaa ihubiriwe, walau mara moja, katika parokia zenye mawakili.

Tena hata mwenye hatia anamhitaji wakili. Sheria yetu imeweka adhabu ya kifo kwa mauaji ya kukusudia, na jaji hana hiari ya kuipunguza. Lakini kuua bila kukusudia ni kosa jingine lenye adhabu nyingine. Ugomvi uliozuka kilabuni, mtu aliyejikinga na panga, mtu aliyechokozwa ghafla hata akapoteza fahamu zake: katika mambo haya tofauti kati ya kitanzi na miaka michache imo katika maelezo, na maelezo hayo hutolewa na mwenye kujua lipi la kuuliza na lipi la kunyamazia. Mnyonge mnyongeni, walisema wahenga, lakini haki yake mpeni.

Tunaulizwa pia, na ni haki tuulizwe: je, huyo bibi aliyekatwa mapanga usiku kwa kuwa macho yake ni mekundu, mbona hamumsemei? Tunamsemea, na tumemsemea miaka mingi katika nchi hii ya Usukuma. Kwa ajili yake hasa tunataka kesi ichunguzwe barabara. Mtu asiyehusika akifungwa kwa damu ya bibi huyo, muuaji amebaki kijijini, anakunywa pombe na wenzake, na anajua kwamba jalada limefungwa.

Wapo kati yenu wanaokumbuka yaliyotokea hapa kwetu mwaka 1976. Vyombo vya dola viliendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwasaka watuhumiwa wa mauaji. Ghadhabu ya wananchi ilikuwa ya haki, kwa sababu vikongwe walikuwa wakiuawa. Lakini watuhumiwa waliteswa mikononi mwa waliowakamata, na baadhi yao walifia humo. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya mambo hayo, na baadaye maofisa kadhaa walishtakiwa na kutiwa hatiani. Maofisa hao nao walistahili wakili. Hapo ndipo msimamo wetu unapopimwa, maana ni rahisi kumtakia utetezi mtu tunayempenda. Na mauaji ya vikongwe hayakukoma kwa mateso yale; sungusungu walioanza miaka ya 1980 waliyakuta, na sisi tumeyakuta.

Saa nne za mwanzo

Kesi nyingi haziharibikii mahakamani. Huharibikia kituo cha polisi, siku ya kwanza, kabla jamaa hawajapata nauli ya kuvuka na kivuko.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka mambo haya wazi. Mtu akikamatwa, mahojiano yake yana muda maalumu: saa nne tangu akamatwe, isipokuwa muda huo umeongezwa kwa utaratibu wa sheria. Anapaswa kuelezwa kosa analotuhumiwa. Anapaswa kuambiwa kwamba halazimiki kusema neno. Anapaswa kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndipo huandikwa yale yanayoitwa maelezo ya onyo, nayo anatakiwa kuyasikia yakisomwa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

Sasa fikirini jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana amekesha amefungwa pingu. Anaambiwa kwamba akikubali mambo yatakwisha, ataonewa huruma. Anaweka dole. Miaka miwili au mitatu baadaye yuko kizimbani, na karatasi ile inaletwa. Hakimu anamwuliza kama ana pingamizi. Neno pingamizi hajawahi kulisikia katika maisha yake. Anadhani anaulizwa kama ana ugomvi na karatasi. Anajibu, "Sina." Basi, maelezo yamepokelewa. Akija kusema katika utetezi wake kwamba alipigwa, au kwamba hakujua kilichoandikwa, ataambiwa kwamba amechelewa. Akikata rufani ataambiwa vivyo hivyo. Lakini angalikuwapo wakili, angalisimama pale pale na kupinga, na mahakama ingalilazimika kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani ya kesi ili kujua kama maelezo yale yalitolewa kwa hiari. Sheria ni ile ile, na hakimu ni yule yule. Kilichopungua ni mtu mmoja wa kutamka sentensi moja kwa wakati wake.

Ndiyo maana tunawaambia viongozi wa Jumuiya: msingoje kesi ifike Mahakama Kuu. Sheria imetaja wakili, ndugu au rafiki. Kama wakili yuko mbali, mwenyekiti wa Jumuiya ni rafiki. Aende kituoni saa ile ile, ajitambulishe kwa heshima, aulize mtu wake ameshikiliwa kwa kosa gani, aandike saa aliyokamatwa na saa aliyohojiwa kama atakavyoambiwa. Asitukane askari, wala asitoe fedha. Karatasi ile yenye saa mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi yaweza kuwa na thamani kuliko ng'ombe kumi watakaouzwa baadaye.

Miaka 20 kwa nyama ya nyumbu

Watu wengi hudhani kwamba ni mauaji tu yanayohitaji wakili. Kinyume chake, anayeshtakiwa kwa mauaji huwekewa wakili na Serikali mara kesi yake ifikapo Mahakama Kuu, ingawa mara nyingi huonana naye kwa mara ya kwanza siku ya kusikilizwa, koridoni, kwa dakika chache. Walioachwa wakavu kabisa ni wale wanaoshtakiwa katika mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi kwa makosa yenye vifungo vya kutisha. Wizi wa kutumia silaha: kifungo kisichopungua miaka 30. Kubaka: miaka 30 vilevile. Na kule Bunda, Serengeti na Busega, mpakani mwa hifadhi, mtu anayekutwa na nyama ya nyumbu au ya pundamilia hushtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali chini ya sheria za uhujumu uchumi, na hukumu ya kawaida ni miaka 20.

Miaka 20, ndugu zetu. Hatutetei ujangili; uumbaji ni mali ya Mungu, na nyumbu wa Serengeti ni urithi wa wajukuu wetu. Lakini mtazame wakili anavyoweza kuwa jicho katika kesi kama hiyo. Nyama huoza, kwa hiyo huharibiwa kabla kesi haijasikilizwa, na mahakamani huletwa hati tu. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba mshtakiwa anapaswa kuwapo mbele ya hakimu na kusikilizwa kabla ya amri ya kuharibu kielelezo kama hicho kutolewa. Asipokuwapo, hati ile haiwezi kutumika dhidi yake. Tena shauri la uhujumu uchumi haliwezi kuendeshwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kilichotolewa kama sheria inavyotaka. Katika vikao vyake vya Mwanza na Musoma Mahakama ya Rufani imewafungulia watu kwa sababu za namna hiyo. Tunafurahi. Lakini walifunguliwa baada ya miaka mingapi? Watoto wamekua, mke amekwisha kuolewa, shamba limegawanywa. Jambo ambalo wakili angelisema siku ya kwanza lilisemwa baada ya muda ambao haurudishwi.

Si sisi wa kwanza kulisema hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua kwamba mshtakiwa asiye na uwezo ana haki ya kikatiba ya kupata wakili, na kwamba mahakama ina wajibu wa kumweleza haki hiyo. Miaka ikapita, na maelfu wakaendelea kusimama peke yao. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas, aliyetiwa hatiani mwaka 1998 kwa wizi wa kutumia silaha na kufungwa miaka 30. Mahakama ilisema kwamba kwa uzito wa adhabu ile Serikali ilipaswa kumpatia wakili, hata kama hakumwomba. Mashauri mengine yakafuata, baadhi yakipelekwa na wafungwa wa Butimba hapa hapa kwetu. Tarehe 21 Septemba 2018 mmoja wao, aliyekuwa akitumikia miaka 30, aliambiwa kwamba ni kweli alinyimwa haki ya kuwa na wakili, na Serikali ikaamriwa imlipe shilingi 300,000. Laki tatu! Tunaiheshimu Mahakama ile, ila hatuwezi kuiandika hesabu hiyo bila mkono kutetemeka.

Na mlango huo wenyewe umefungwa. Novemba 2019 Serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuipelekea Mahakama ya Afrika malalamiko moja kwa moja, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama bado iko Arusha, katika ardhi yetu, lakini Mtanzania aliyeko Butimba hawezi tena kuibisha hodi mwenyewe. Serikali inayojiamini katika haki haiwaogopi wafungwa wenye kalamu. Huko Marekani, mwaka 1962, mfungwa mmoja wa Florida aitwaye Clarence Gideon, aliyenyimwa wakili, aliiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli kutoka gerezani. Mahakama hiyo ikaamua kwamba jimbo lazima limpatie wakili mshtakiwa maskini. Kesi yake ikaanza upya, safari hii akiwa na mtetezi, naye akaonekana hana hatia. Nchi kubwa haikuanguka kwa penseli ile.

Lakini tuseme na la haki kwa upande wa Serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua njia pana kuliko ile ya mwaka 1969 iliyoitangulia. Sasa jaji au hakimu anayeendesha shauri, akiona kwamba haki inadai na mshtakiwa hana uwezo, anaweza kuagiza apatiwe msaada wa wakili, hata katika mahakama za chini. Sheria hiyo imewatambua wasaidizi wa kisheria vijijini, na imetaka msaada uwafikie walio polisi na magerezani. Mwaka 2023 ilianzishwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama. Yote hayo ni mema. Ila haki iliyo katika kitabu haishuki yenyewe. Mshtakiwa asipoinua mkono na kusema, "Mheshimiwa, sina uwezo, naomba msaada wa wakili," ili maneno hayo yaandikwe katika mwenendo wa shauri, kesi itaendelea. Nani atamfundisha maneno hayo saba kama si sisi tunaomtembelea?

Ng'ombe wameuzwa, wakili hayupo

Sasa tuseme juu ya fedha, maana hapa ndipo familia zinapoangamia. Mara kijana akamatwapo, hutokea mtu mwenye shati safi na mkoba, anayemjua kila mtu mahakamani. Anasema anaweza kulimaliza. Anataka fedha ya mpelelezi, kisha fedha ya karani, kisha fedha ya mkubwa asiyetajwa jina. Ng'ombe watano wanauzwa, kisha mtumbwi na nyavu, kisha kiwanja. Kesi inatajwa na kutajwa, upelelezi haujakamilika, na yule bwana simu yake haipatikani. Watu wa mjini huwaita vishoka. Kwa fedha iliyoliwa na kishoka mmoja familia ingeweza kumlipa wakili wa kweli, na kwa kutoa rushwa imejiingiza yenyewe katika kosa. Tunasema bila kumung'unya maneno: mwamini anayechanga fedha ya kumhonga mpelelezi hamsaidii mshtakiwa. Anamnunulia kamba.

Wakili wa kweli ana jina lililoandikishwa Mahakama Kuu, na ana leseni ya kazi inayohuishwa kila mwaka. Orodha ya mawakili hutunzwa na Mahakama, nanyi mnaweza kuiangalia hata kwa simu au kuulizia Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Ofisi yake ina anwani. Anaandika mapatano: atalipwa kiasi gani, kwa kazi ipi, je, hadi hukumu tu au pamoja na rufani. Anatoa stakabadhi. Anakwenda Butimba kumwona mteja wake kabla ya siku ya kesi, na asipokwenda mwulizeni kwa nini. Akiwaahidi ushindi, mwogopeni. Daktari mwaminifu hawaahidi wagonjwa kwamba hawatakufa. Akiwaambia kwamba kesi ni ngumu na kuwaonyesha mahali ilipo ngumu, huyo msikilizeni. Wala msimfiche jambo. Wazee wetu hupenda kumficha wakili yale ya aibu ili wasijidhalilishe, kisha upande wa mashtaka huyatoa hadharani, na wakili husimama ameduwaa.

Jambo jingine la kuangalia ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria zetu mwaka 2019. Yana faida yake, kwa maana aliyekosa anaweza kupunguziwa. Lakini yapo mashtaka yasiyo na dhamana, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba sheria hiyo haivunji Katiba. Mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu kwa shtaka la namna hiyo, hajui kesi itaanza lini, akiletewa karatasi yenye mlango wa kutokea, ataitia sahihi hata kama kosa si lake. Asisaini bila wakili kuisoma. Hili wafundisheni watu wenu hata kama mtasahau mengine yote.

Ndugu zetu mawakili Wakatoliki, nanyi tuna neno nanyi. Tunawajua. Mnakaa mabenchi ya mbele katika Misa ya pili, mnachangia ujenzi kwa ukarimu, na mnasimama katika kamati za fedha. Tunawashukuru. Lakini kesi ya kuwekewa na Serikali, ambayo malipo yake ni madogo, msiifanye kazi ya mkono wa kushoto. Kijana yule mnayekutana naye koridoni kwa dakika kumi atahukumiwa kunyongwa kwa jina, na ingawa tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, hukumu hiyo humzika mtu akiwa hai. Na chuo chetu cha Mtakatifu Augustino hapo Nyegezi kina wasomi wa sheria. Kutoka Nyegezi hadi lango la Butimba si safari ya kuombea udhuru.

Kwa viongozi wa walei tunaomba mambo haya yajadiliwe katika kikao kijacho cha Halmashauri ya kila parokia. Kila parokia ifungue mfuko wa utetezi, hata uanze na fungu moja la kumi la mchango wa harusi moja. Fedha ilipwe kwa wakili kwa hundi au kwa namba ya ofisi yake, kamwe isipitie mkononi mwa mtu wa kati. Kila kigango kichague watu wawili, mmoja wao awe wa WAWATA, wapate mafunzo ya usaidizi wa kisheria yanayotambuliwa na sheria ya 2017. Wajue kwamba msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kama wakili, na haruhusiwi kumtoza mtu senti kwa msaada huo. Parokia za visiwani, ambako boti huchelewa na mawakili hawafiki, zipewe nafasi za kwanza katika mafunzo hayo.

Mwisho, leteni majina. Hatuhitaji kujua nani ana hatia. Tunahitaji jina la mwanaparokia aliye mahabusu, kosa aliloshtakiwa, mahakama, namba ya shauri, tarehe ya kutajwa, na kama ana wakili au hana. Makatekista wayakusanye kutoka kwa mama zao, wale wa benchi la nyuma, kwa upole na bila kuyatangaza, na yafike ofisi ya Tume kabla ya Kwaresima.